UZI: Msikilizaji hayupo mezani (kurekodi podikasti na michezo ya sauti kwa wapenzi wa RPG)

#1 sautiyadadu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nimeona watu wengi wanauliza maiki gani nzuri, programu gani nzuri, nikaona nianzishe uzi kabisa maana mi kwenye kurekodi michezo ya RPG za mezani (mnaigiza wahusika, dadu zinaamua hadithi inaendaje) huu ni mwaka wa sita, na kitu kinachoua vipindi vingi sio maiki. Kinachoua ni kwamba nyie mliokaa mezani mnaona vitu ambavyo msikilizaji havioni. Mnaona ramani, mnaona vinyago vimepangwa, mnaona mwenzenu kashika kichwa, mnaona dadu imelalia 1, namba mbaya kuliko zote. Yeye ana masikio tu, yuko njiani au anafanya kazi zake za mikono. Hayupo mezani. Ukilishika hilo mengine yanakuja yenyewe.

Tuelewane kwanza maana kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna rekodi ya meza, yani mnacheza kweli, dadu zinarushwa kweli, hamna anayejua mwisho, halafu mnaiediti mnaitoa. Na kuna mchezo wa redio, una skripti, una waigizaji, una milango inayogonga na mvua. Vyote vinasikilizwa na watu walewale lakini kazi yake ni tofauti kabisa, na wengi wanaoanza wanatengeneza kitu cha katikati ambacho hakishibishi upande wowote.

Dungeons & Dragons (D&D kwa kifupi, RPG maarufu sana) ilitoka 1974, kwa hiyo watu wamecheza miaka na miaka bila mtu wa nje kusikiliza chochote. Podikasti za kucheza zilianza kusikika sana kuanzia 2008 hivi pale watu wa Penny Arcade, wale wa katuni za mtandaoni, waliporekodi mchezo wao, halafu 2014 ikaja The Adventure Zone ya ndugu watatu wa McElroy na baba yao, 2015 ikaja Critical Role ambayo ni waigizaji wa sauti wanacheza mbele ya kamera. Sa angalieni hapa, Critical Role ilianza kama video mbashara, kipindi saa tatu, saa nne, mtazamaji anaona nyuso muda wote, hata wakinyamaza anajua kwa nini wamenyamaza. The Adventure Zone ilianza kama sauti, imekatwa, ina muziki wake. Mtu anapenda ile ya kwanza, anaiga urefu wake kwenye sauti tupu bila sura, halafu anashangaa watu wanaishia dakika ya ishirini. Zile saa nne zinabebwa na sura.

Rekodi yangu ya kwanza tulikuwa watu watano na maiki moja katikati ya meza. Nilidhani nimeokoa mambo. Nikaja kusikiliza, kuna jamaa alikuwa anagonga kalamu mezani anapofikiria, na alikuwa anafikiria sana, ko ko ko ko saa tatu nzima, na ile sauti imepita kwenye mbao moja kwa moja hadi kwenye kisimamio cha maiki, iko juu kuliko sauti ya dada aliyekuwa anaongea kwa upole pembeni. Huwezi kuitoa. Ukipunguza kalamu na dada anapotea. Ile hadithi ilikuwa nzuri sana, mpaka leo naumia, haikutoka.

Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kufuata: kila mtu maiki yake na kila maiki traki yake, yani sauti yake inarekodiwa peke yake bila kuchanganywa na nyingine. Sio lazima ya gharama. Chukua zile za daynamiki zinazosikiliza mbele tu, aina ya maiki za jukwaani, usichukue zile nyeti za studio zinazonasa chumba kizima. Kaa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili P na B zisipige upepo. Rekodi biti 24, acha kilele (sauti ya juu kabisa) kiwe kwenye -12 dB hivi, maana mchezaji wa RPG anaongea taratibu dakika kumi halafu dadu inaleta 20, namba bora kuliko zote, anapiga ukelele, na ukelele uliokatika juu haurudi tena. Chini ya kila kisimamio weka taulo iliyokunjwa. Dadu zirushwe kwenye trei yenye kitambaa.

Na hili sijaona watu wengi wakilifanya: wekeni maiki moja ya dadu peke yake kwenye ile trei. Msikilizaji wa RPG anaipenda ile sauti kuliko muziki wowote mtakaoweka. Ikiwa na traki yake unaipandisha pale hatima ya mtu inapoamuliwa na unaishusha pale mtu anachezea dadu tu mkononi.

Karibuni, ulizeni, pingeni.

#2 mwanagenzi_d8

Asante sana mkuu kwa uzi. Sie kundi letu tuko sehemu nne tofauti tunacheza kwa intaneti, tunarekodi simu yenyewe ya kikundi, sauti inakuja kama mtu yuko ndani ya ndoo na wawili wakiongea pamoja mmoja anamezwa. Tufanyeje? Nna kipindi kimoja kizuri sana cha darajani nataka kukitoa lakini sijui nianzie wapi.

#3 sautiyadadu

Hiyo simu itumieni kusikilizana tu, isiwe rekodi yenu. Kila mtu arekodi maiki yake kwenye kompyuta yake mwenyewe, programu ya Audacity ni bure na inatosha, wote wavae hedifoni (hili halina mjadala, asiyevaa sauti za wenzake zinaingia kwenye maiki yake), mkimaliza kila mtu anakutumia faili lake. Rekodi ya simu ibaki kama ramani ya kupangia na kama akiba, kuna siku faili la mtu litaharibika.

Sa kuna kitu kitakusumbua, bora ukijue mapema. Unapanga traki zote vizuri mwanzo, ukifika mwishoni mtu anajibu swali kabla halijaulizwa. Sio kwamba umekosea, ni saa za ndani za zile kompyuta hazihesabu sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 tu kwa milioni kwenye rekodi ya saa tatu ni zaidi ya nusu sekunde, na nusu sekunde kwenye mazungumzo inaua kila kichekesho na kila mshtuko. Dawa yake: mnahesabu tatu mbili moja mnapiga kofi wote mwanzoni, na mnapiga tena mwishoni. Kofi la kwanza unapangia, kofi la mwisho linakuonyesha traki gani imechelewa kiasi gani, unaivuta kidogo ilingane. Kofi lenyewe kwenye simu halilingani sawasawa kwa sababu ya ucheleweshaji wa mtandao lakini ucheleweshaji huo kwa kawaida unafanana mwanzo na mwisho kwa hiyo tofauti inaonekana, halafu unamalizia kwa sikio.

Na kabla hamjaanza kila mtu anyamaze sekunde 30 maiki ikiwa wazi. Huo ukimya wa chumba chake utauhitaji kuziba mahali utakapokata, vinginevyo kila ukikata inasikika kama mtu kazima na kuwasha feni.

#4 mezaya_zamani

Naomba nipingane kidogo. Nyie mnaopenda kuediti mnatuharibia. Mi nasikiliza hizi podikasti kwa sababu nataka kukaa na watu wanaocheza, na kuhesabu vibaya kwao, na kubishana kanuni, na kucheka mpaka mtu anakohoa. Ukikata kila kitu inabaki mchezo wa redio mbaya wenye waigizaji wasiojua kuigiza. Mkitaka mchezo wa redio andikeni skripti basi.

#5 sautiyadadu

Mkuu hoja yako naiheshimu na nusu yake nakubali. Vicheko siviondoi. Mabishano ya kanuni naacha yale yenye roho ndani, mtu anapigania mhusika wake asife, hayo ni dhahabu. Ninachokata ni hesabu.

Kwenye D&D raundi moja ya vita ndani ya hadithi ni sekunde 6. Mezani watu watano na maadui wanne hiyo raundi inaweza kula nusu saa. Aliyekaa mezani haoni urefu maana anapanga zamu yake inayofuata, ana shughuli. Msikilizaji hana zamu, anasubiri tu.

Niwape mfano kutoka kwenye kipindi chetu, mtu anataka kukata kamba. Ilivyorekodiwa: "Haya zamu yangu, ngoja, niko mbali kiasi gani? Futi thelathini? Naweza kufika? Nafika eeh. Nakimbilia kamba, naikata kabla hajafika. Sa natumia shoka au ile nyingine, ile nyingine ina moja zaidi, ngoja nione karatasi, aah shoka basi. (dadu) Kumi na tatu, ongeza tano, kumi na nane. Inapata? Inapata. Madhara, nane, ongeza tatu, kumi na moja. Kumi na moja inatosha? Ngoja niangalie. Eeh inatosha. Okei. Inakatika, daraja linalala upande wako." Dakika moja na sekunde arobaini.

Nilivyoiacha: "Nakimbilia kamba, naikata kabla hajafika." Dadu. "Kumi na nane." "Inakatika, daraja linalala upande wako." Sekunde 14.

Hamna neno hata moja nililoongeza na dadu ni ileile. Kilichobaki ni nia, dadu, namba moja, matokeo. Hivyo vinne ndo msikilizaji anavihitaji, na nia ije KABLA ya dadu, hiyo ni kazi ya gemu masta (anayeongoza mchezo) mezani sio ya mwenye kuediti. Mchezaji akirusha dadu kimyakimya halafu ndo aseme alikuwa anajaribu nini, mvutano haupo na huwezi kuutengeneza baadaye. Mi kwetu gemu masta anauliza kila mara "ukishindwa unaogopa nini?" halafu ndo dadu inarushwa. Swali hilo moja limetengeneza vipindi vyetu kuliko vifaa vyote tulivyonunua.

Na kitu ambacho sigusi ni namba yenyewe. Uwezekano wa kupata 20 kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5. Msikilizaji anajua hilo, anacheza na yeye, ndo maana anasimama njiani dadu ikirushwa. Siku ukirekodi upya dadu kwa sababu hadithi ingependeza zaidi umemwibia, na watu wa RPG wana masikio, watajua.

#6 mezaya_zamani

Hapo kwenye namba tuko pamoja mkuu. Na kwa mfano wa kamba sina neno. Ila usikate ukimya.

#7 sautiyadadu

Hapo umegusa kidonda. Programu nyingi zina kitufe cha kufupisha ukimya wote kwa mpigo. Niliwahi kukitumia kwenye kipindi ambacho mchezaji wetu mmoja alipata 1 mhusika wake akiwa hoi, na mezani palitulia kama sekunde sita, hamna mtu anaongea, unasikia kiti kinalia tu mtu amerudi nyuma. Programu ikazifanya nusu sekunde. Nikatoa kipindi hivyohivyo bila kukisikiliza tena mwanzo hadi mwisho. Yule mchezaji ndo aliniambia, "mbona nilikufa haraka hivyo". Kile kitufe sijakigusa tena.

#8 pazia_la_sauti

Wadau mi natokea upande wa pili, naandika michezo ya sauti kwa ajili ya hawahawa wapenzi wa RPG, naomba niongeze.

Njia yetu ni hii. Tunacheza kwanza, mezani, kwa dadu, bila nia ya kutoa rekodi. Tunarekodi kwa simu tu. Halafu naandika skripti kutokana na kilichotokea. Dadu hazisikiki kabisa kwenye mchezo lakini zipo kwenye mifupa yake, kwa sababu mwandishi akiwa peke yake anawapendelea wahusika wake, dadu haipendelei mtu. Mhusika niliyempanga awe shujaa alianguka kwenye ngazi mlango wa kwanza, ikabidi hadithi nzima imbebe mwanafunzi wake. Nisingeandika hivyo kwa akili yangu.

Kwenye skripti, mtu akisoma kawaida anaenda kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni maneno 3000 kama hamna sauti nyingine, sisi tunaandika 2400 hivi tuache nafasi ya milango na pumzi. Mhusika akiwa kwenye tukio na hajaongea wala kutoa sauti kwa nusu dakika, kwa msikilizaji ameondoka. Kwa hiyo mpe kikohozi, mpe hatua, au mtoe. Msiweke sauti mbili zinazofanana kwenye tukio moja, hata kama waigizaji ni wazuri namna gani.

Na tafadhalini, ile ya mhusika kusema "lo, naona mlango mkubwa wa chuma mbele yetu wenye maandishi" tuiache. Hamna mtu anaongea hivyo. Sisi tulifanya hivi: kiganja kinapiga chuma mara mbili, sauti inarudi kwa mbali. "Baridi." Kimya. "Kuna herufi hapa. Nipe mkono wako... hapa." Mlango umeujua, ukubwa umeujua kwa mwangwi, giza umelijua kwa sababu wanasoma kwa vidole.

Sauti za matukio nyingi mnaweza kutengeneza wenyewe. Wanga wa mahindi kwenye mfuko wa ngozi ukiuminya taratibu ni hatua kwenye theluji. Glavu za ngozi ukizipigapiga ni mbawa. Vifuu viwili vya nazi ni farasi, hii ya zamani sana na bado inafanya kazi. Deraya ni mikanda na funguo ndani ya soksi, sio funguo peke yake maana zinalia kama funguo. Rekodi karibu, halafu chumba unakiongeza baadaye kwenye programu, pango likiwa pango na handaki likiwa handaki.

#9 mwanagenzi_d8

Dada shikamoo ya heshima kabisa, nimekopi hii yote. Swali kwa wote, vipi kuhusu haki? Tunacheza D&D toleo la 5, tukiweka matangazo tutapata shida?

#10 pazia_la_sauti

Marahaba. Januari 2023, baada ya mzozo mkubwa kuhusu leseni, Wizards of the Coast, wenye D&D, waliweka SRD 5.1, yani ule waraka wa kanuni za msingi za toleo la 5, chini ya leseni huria ya Creative Commons CC-BY 4.0. Ukitumia vilivyomo unaruhusiwa hata kibiashara, sharti uandike chanzo kama leseni inavyotaka. Lakini sio kila kitu cha D&D kimo. Beholder na mind flayer kama viumbe vya kucheza hawamo, na ulimwengu wao kama Forgotten Realms sio wako. Kwa hivyo vingine wana sera ya kazi za mashabiki, kwa kifupi kipindi kiwe wazi kwa kila mtu bila kulipia, matangazo na michango inaruhusiwa ila usikifungie nyuma ya malipo. Isome mwenyewe yote kabla hujatoa, usinitegemee mimi.

Mi kwa mchezo wa redio nabuni ulimwengu wangu kabisa. Nalala vizuri.

Muziki na sauti za kupakua angalia leseni faili kwa faili. Kwenye tovuti ya Freesound kuna CC0 (huru kabisa), kuna za kutaja jina, kuna zenye katazo la biashara. Hizo za mwisho ukishaweka tangazo zinakuweka pabaya. Andika jedwali tangu siku ya kwanza: sauti, mwenye sauti, leseni, kipindi.

#11 sautiyadadu

Niongeze jambo ambalo halijaguswa na kwangu ni zito. Mezani watu wanafunguka. Mtu anaigiza mhusika aliyefiwa na mara unagundua sio mhusika anayelia. Kama mnatoa hadharani, kikao cha kwanza kabla ya kucheza kiwe cha kukubaliana: mambo gani hayaingii kabisa na yapi yanapita nyuma ya pazia. Kuna kile kikadi chenye X alichobuni John Stavropoulos, mtu anakigusa tukio linageuzwa bila maswali. Kwetu tumeongeza kanuni ya baada ya kurekodi: yeyote akisema toa ile, inatoka, haulizwi kwa nini hata kama ndo tukio bora la kipindi. Nimeshatoa dakika kumi na moja nzuri sana kwa ajili ya hiyo kanuni na yule mchezaji bado anacheza na sisi.

Na kwenye kutoa: shusha au pandisha kipindi kizima kifike -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) kwa stereo, kilele kisizidi -1 dB, hicho ndo Apple wanachopendekeza na kinakaa vizuri kila mahali. Sikiliza kwenye spika ya simu kabla hujatoa. Kama majina ya wahusika hayasikiki hapo, punguza muziki. Halafu weka maandishi ya kipindi, kuna wapenzi wa RPG wasiosikia na wanataka hadithi kama sisi.

#12 mwanagenzi_d8

Wakuu nimerudi. Tumerekodi kikao kilichofuata kila mtu na traki yake, makofi mwanzo na mwisho. Kompyuta ya mwenzetu mmoja ilikuwa imechelewa robo sekunde, nikaivuta ikakaa. Ila kile cha darajani cha mwanzo kilishaharibika, ni rekodi ya simu tu. Nikitupe?

#13 pazia_la_sauti

Usikitupe kabisa! Hicho ndo kikao chako cha kwanza cha kuandikia. Kisikilize, andika kilichotokea, nani aliogopa nini, nani alinyamaza wapi. Halafu kiandikie skripti, waite walewale wanne waigize wahusika wao wenyewe. Wanazijua hizo sauti kuliko mwigizaji yeyote.

#14 mwanagenzi_d8

Sikuwahi kuliwaza hilo. Nimeanza jana usiku, kurasa nne. Kuna mahali darajani wote wananyamaza kwa sababu mmoja ameachia kamba, sijui niandike nini pale.

#15 mezaya_zamani

Andika "kimya". Sekunde sita.

#16 pazia_la_sauti

Na upepo kidogo, na mbao moja inalia.